Iringa hadi Matema, siku sita: mtumbwi niliousahau kwenye wasifu wa Shangazi

Nimerudi Iringa wiki mbili zilizopita. Haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari nililokuwa nikiandikia ndani ya mabasi, pamoja na picha za simu, ambazo nusu yake zimejaa ukungu wa Isyonje na hazionyeshi kitu.

Mwaka jana mwezi Juni tulimzika shangazi yangu Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Alikuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 38, akastaafu mwaka 2013 akiwa na miaka 60. Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, usiku mmoja, nikiwa nimetandaza barua zake za ajira kitandani: chuo, kituo cha kwanza, uhamisho, kupandishwa daraja, kustaafu. Kurasa mbili. Nikausoma kanisani bila kukosea hata neno. Tulipotoka makaburini, mzee mmoja mvuvi alinishika mkono akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, huyo uliyemsoma ni nani?"

Sikuelewa mpaka tulipokuwa njiani kurudi. Katika kurasa zile mbili sikuwa nimeandika neno mtumbwi hata mara moja.

Safari hii ilikuwa ya ibada ya mwaka mmoja na kujengea kaburi. Kwangu mimi ilikuwa pia ya kuusahihisha wasifu ule.

Siku ya 1, Jumatano: Iringa – Mbeya

Basi liliondoka stendi ya Igumbilo saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nauli 22,000 kwa kichwa, mimi na mdogo wangu wa kiume. Tulikuwa na bamba la marumaru la kaburini, tumelifunga kwa blanketi na kamba ya katani. Konda alitaka 15,000 ya mzigo. Alipolipapasa na kuuliza ni nini, tukamwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hili halilazwi chini na magunia." Akalisimamisha nyuma ya kiti cha dereva, akalizungushia koti lake, na hela hakuitaka tena. Mpaka tunashuka hatukujua jina lake.

Misitu ya misonobari ya Sao Hill ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Makambako tulipewa dakika kumi na tano. Viazi vya kuchemsha na mayai mawili, 2,000. Baada ya Igawa unashuka kwenye joto la Usangu, unapita Chimala na Igurusi, halafu unapanda tena. Hapo nililala.

Barabara ya Mbeya walikuwa wanaipanua iwe ya njia nne, na kutoka Uyole kuingia mjini tulikaa saa moja na nusu kwenye vumbi. Kwa hiyo, kama safari yako ni ya Kyela au Tukuyu moja kwa moja, usiingie mjini. Shuka pale Uyole kwenye njia panda, magari ya kushuka kusini yanapita hapo hapo.

Sisi tuliingia kwa sababu nilitaka kumwona mama mmoja aliyefanya kazi na Shangazi wodi ya wazazi miaka ya tisini mwanzoni. Anaishi peke yake, magoti yamemchosha, lakini alitupikia chai ya maziwa yenye tangawizi na kututolea mihogo. Nikamsomea ule wasifu wa zamani. Nilipofika pale nilipoandika kuwa mwaka 1994 "alihamishiwa" ziwani, akanizuia.

"Hakuhamishiwa. Aliomba. Aliandika barua mara tatu. Watu wote tuliokuwa tunawajua walikuwa wanaomba kutolewa kule, joto, mbu, barabara hakuna. Yeye peke yake alikuwa anaomba kurudishwa. Mkubwa wetu wa kazi alidhani ana mume kule."

Usiku ule, gesti (30,000, maji ya moto yapo), nilikata neno "alihamishiwa" kwa kalamu.

Siku ya 2, Alhamisi: Mbeya – Tukuyu – Matema

Coaster kutoka stendi ya Nanenane hadi Tukuyu, 5,000. Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba wauza kabeji waliokuwa barabarani tuliona mikono yao kabla ya nyuso. Kisha Kiwira, chai, migomba, na Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, ambao ulijitokeza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili ukajifunika tena.

Tukuyu yupo Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi. Hakuwa amekubali dada yake azikwe Matema. Ukoo mzima uko juu huku, makaburi ya wazazi yako kwenye migomba nyuma ya nyumba, na kwake yeye kumwacha mtu ufukweni ni kumwacha njiani. Mwaka jana aliyasema hayo kwa sauti ya juu mbele ya watu. Safari hii alitupokea na mbalaga, ndizi za kupika za Kinyakyusa, na nyama, akasubiri tushibe, ndipo akauliza, "Ndiyo mnaenda kumjengea kule kule?"

Tulisema ndiyo. Shangazi aliacha neno, tena mbele ya mchungaji, kwamba azikwe mahali ziwa linapoonekana.

Baba Mkubwa akatoka nje. Tukadhani amekasirika. Akarudi na chipukizi la mgomba, mizizi yake imefungwa kwenye gunia lenye udongo mweusi wa pale nyumbani. "Basi mpandieni hii. Asikae kama mgeni." Hakuja nasi, miguu haimruhusu, lakini alisimama barabarani mpaka gari likapata abiria wa kutosha, karibu saa nzima.

Kutoka Tukuyu gari linateremka mfululizo mpaka masikio yanaziba. Unavua koti, halafu sweta, halafu unaomba dirisha lifunguliwe. Ziwa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na pale bondeni mpunga ulikuwa unavunwa na kokoa imeanikwa mbele ya nyumba. Tulishuka Kikusya tukachukua Noah ya kupitia Ipinda. Watu tisa, bamba la marumaru na mgomba uliotoa majani yake dirishani. Barabara sasa ni ya lami hadi Matema. Shangazi alikuwa akitusimulia kuwa wakati wa masika njia hii ilimla siku nzima na viatu.

Tahadhari kwa anayekuja: toa pesa taslimu Kyela au Tukuyu. Siku ile wakala wawili wa Matema walikuwa wameishiwa, na fundi wa kaburi hakubali ahadi. Njoo pia na chandarua kama gesti uliyopata haina. Sisi watu wa baridi huwa tunasahau mbu.

Siku ya 3, Ijumaa: Matema, upepo

Nilipanga kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi, chini ya Milima ya Livingstone. Milima ile inasimama wima kutoka majini, kwa hiyo watu wa kule njia yao ni maji. Lakini tuliamka na mwera, upepo wa kutoka kusini ambao miezi hii hulipiga ziwa kwa urefu wake wote. Mawimbi yalikuwa yanavunjikia mchangani kama ya baharini. Hakuna mvuvi aliyetoka. Mwenye mtumbwi wa injini aliyetuambia jana 60,000, leo alicheka tu akatingisha kichwa.

Tukafanya ya kaburi. Fundi alitoza 70,000 na saruji mifuko miwili juu yetu. Mgomba tuliupanda upande wa kichwani na kuumwagia ndoo mbili.

Mchana niliutazama mtumbwi wenyewe. Uko chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya Shangazi, umeinuliwa juu ya magogo mawili. Kwa asiyeijua mitumbwi ya ziwa hili: ni gogo moja lililochimbwa, tumbo pana lakini mdomo mwembamba, mwembamba mno hata nyonga za mtu mzima haziingii. Unakaa juu ya kingo na miguu ndiyo inaingia ndani. Mdomo ule mwembamba unazuia mawimbi kuingia, ila mtumbwi wenyewe unabingirika kwa kosa dogo. Wa Shangazi una kiraka cha bati ubavuni kushoto, kimepigiliwa kwa misumari midogo na kuzibwa kwa lami. Ndani kulikuwa na kopo la kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na majani makavu ya mwembe. Nikayatoa yote, moja moja.

Baba alikuwa ameagiza uuzwe. Kuna kijana aliyekuja na 250,000. Nilimwambia asubiri Jumapili.

Jioni nilipanda bodaboda kwenda kumwona mchungaji. Kijana aliyenibeba alikataa nauli. "Mimi nilizaliwa mtumbwini," alisema. Mama yake alikuwa anapelekwa hospitali kutoka Ikombe, uchungu ukazidi katikati ya maji, Sista akasimamisha kafi na kumpokea mtoto huku mwanamke mwingine akishikilia mtumbwi usigeuke. Matema hakuna aliyemwita Shangazi kwa jina lake. Sista, basi. Habari kama hiyo nilipewa tano siku ile: visanduku vya chanjo vyenye barafu, kliniki za mkoba za huko Ikombe, mtoto aliyeungua uji, mgonjwa wa kipindupindu aliyefungwa kwa khanga asidondoke majini.

Niliziandika zote. Lakini usiku nilipozisoma nikaona bado kuna kitu hakijajibiwa. Alistaafu 2013. Mtumbwi aliununua 2014.

Siku ya 4, Jumamosi: Lyulilo

Soko la vyungu la Lyulilo ni Jumamosi, mwendo mfupi kwa miguu mashariki mwa Matema. Wahi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, upepo ulikuwa umelala kama mtu aliyechoka, na mitumbwi ilikuwa inaingia mmoja baada ya mwingine, vyungu vimepangwa na kutenganishwa kwa nyasi. Kinamama wa Kikisi wanavifinyanga kwa mikono, wanavisugua kwa kokoto mpaka ving'ae, wanavipaka udongo mwekundu na mweupe. Chungu cha mboga nilinunua 3,000, kikubwa cha maji 8,000. Mtu asipunguze bei pale kwa ukali, fikiria kimefikaje.

Niliuliza nani alimfahamu Sista vizuri. Wakanielekeza kwa mama mmoja mwembamba, umri wa Shangazi, aliyekuwa anafua maji kwenye mtumbwi wake unaovuja. Nilimwamkia. Akaniangalia paji la uso, akasema, "Wewe ni wa kaka yake," kisha akanisogezea kigoda.

Nilimwambia nilivyojua mimi: kwamba Shangazi alipenda mitumbwi tangu utotoni.

"Nani kakwambia? Yule alikuwa mtoto wa milimani. Mwaka ule wa 1979 alipoletwa, maji aliyoyajua ni ya mto. Safari ya kwanza alishika kingo mpaka vidole vikakakamaa. Akatapika. Akasema hatapanda tena, atapita milimani kwa miguu."

"Nani alimfundisha?"

"Sisi. Vyungu ndivyo vilimfundisha. Ukibeba vyungu unajifunza kutulia juu ya maji, maana ukitikisika umepoteza kazi ya wiki nzima. Tukamwambia, Sista, usipigane na mtumbwi, kaa kama umebeba chungu. Akaanza kuja nasi sokoni kila Jumamosi asiyokuwa zamu."

Nikamuuliza lile swali langu. Baada ya kustaafu, wagonjwa hakuna, chanjo hakuna, alikuwa anakwenda wapi kila alfajiri?

Aliweka kopo chini. "Hakuwa anakwenda mahali. Alikuwa anakwenda tu. Anapiga kafi mpaka nyumba zinakuwa ndogo, halafu analilaza magotini, anakaa. Havui. Haimbi. Mimi nikipita na vyungu namwona. Siku moja nilimuuliza, Sista, unatafuta nini huku? Akaniambia, 'Huku hakuna anayeniita.'"

Sokoni kulikuwa na kelele lakini sikumbuki kusikia chochote kwa muda. Nilikumbuka nyumba yake ya zamani nilipokuwa nalala likizo. Dirisha likigongwa saa nane usiku. Sista! Sista, amka! Na yeye akivaa viatu gizani, bila kuwasha taa, ili sisi watoto tusiamke. Miaka 38 hiyo. Tumezoea kusema, mtu mwema akipenda kitu basi kitu hicho nacho kilikuwa msaada kwa watu, na kwenye misiba tunasema hivyo zaidi. Mimi siwezi tena kumsemea hivyo. Zile asubuhi zilikuwa zake, na hazikumfaa mtu mwingine yeyote.

Siku ya 5, Jumapili: ziwani, kisha kanisani

Yule mama alilala Lyulilo kwa ndugu yake, na saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuja kwenye mwembe. Tukaushusha mtumbwi wa Shangazi majini, watu wanne. Ulikaa mwaka mzima juu ya magogo, na maji yalianza kuingia kwenye ufa mdogo karibu na tezi, sehemu ya nyuma. "Utakunywa kidogo halafu utashiba," alisema, na kweli gogo lilipolowa uvujaji ukapungua.

Nilikaa mbele. Nilishika kingo mpaka vidole vikauma. Akanikumbusha chungu. Alipiga kafi upande mmoja, taratibu, akilipindisha mwishoni ili tusizunguke, na baada ya kama nusu saa paa za Matema zilikuwa ndogo kama viberiti. Pale maji hubadilika rangi ghafla, kutoka kijani kuwa karibu nyeusi. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 700 sehemu zake za ndani zaidi. Alilaza kafi. Hatukuongea. Nilisikia maji chini ya mtumbwi, na jogoo mmoja kutoka ng'ambo, basi. Jua lilipanda juu ya Livingstone likaipiga kwanza milima ya upande wa pili kabla ya kutufikia sisi.

(Kwa wanaotaka kujaribu: toka alfajiri na urudi kabla ya saa nne, miezi ya Mei hadi Agosti upepo hauna adabu baada ya hapo. Nenda na mwenyeji. Usikaribie midomo ya mito, kuna mamba. Usikae kwenye maji yaliyotuama yenye majani, kichocho kipo. Hilo Shangazi alilisema kwa kila mgeni kabla hata ya kumkaribisha chai.)

Ibada ilianza saa tatu na nusu. Nilisoma wasifu mpya. Tarehe za ajira zilibaki, nikaongeza barua tatu za kuomba kurudi, kutapika kwa mwaka 1979, vyungu, kijana wa bodaboda kwa ruhusa yake. Mwisho nilisoma hivi: "Baada ya kustaafu alinunua mtumbwi wake mwenyewe. Alikwenda ziwani kila asubuhi upepo uliporuhusu. Hakuwa na kazi kule. Alipenda kukaa mahali ambapo hakuna anayemwita." Kinamama wa upande wa kushoto waliitikia kwa ile sauti ya kooni, wengi wao wauguzi wastaafu waliotoka Kyela kwa gari la kukodi. Mmoja alilia sana, akatoka nje, akarudi.

Yule mzee mvuvi niliyemtafuta kwa macho hakuwepo. Wakaniambia amehamia kwa mwanawe Mbamba Bay.

Chakula kilikuwa wali wa Kyela na mbasa, samaki wa ziwani, na ndizi. Baada ya kula nilimpigia Baba simu kuhusu mtumbwi. Hakukubali upesi, 250,000 si ndogo, na kaburi limetugharimu. Nikampa yule mama simu. Sijui walizungumza nini, walikwenda kwenye Kinyakyusa cha haraka, nikasikia "ndaga, ndaga", asante, asante, mara nyingi. Aliponirudishia, Baba alisema tu, "Mpe. Wewe chukua kafi."

Siku ya 6, Jumatatu: kurudi

Matema saa kumi na moja alfajiri, Uyole saa tano, Iringa saa moja na nusu usiku. Gari la kwanza lilipasuka tairi kabla ya Ushirika na tukasubiri saa mbili. Mama mwenye nyumba iliyokuwa karibu alitutolea viti vyote alivyokuwa navyo na ndizi mbivu, akakataa hela. Kafi nililipitisha katikati ya viti na halikulipiwa popote. Kwa jumla tulitumia kama 480,000 watu wawili, kaburi likiwemo.

Kafi liko nyuma ya mlango wa sebule sasa. Pale juu, mkono wa kushoto unaposhikilia, mti umelika kwa kidole gumba, na kidole changu ni kifupi, hakifiki.

Mkienda Lyulilo Jumamosi, fikeni kabla ya saa moja asubuhi. Mtumbwi wenye kiraka cha bati ubavuni kushoto ndio ule. Mwenyewe anauza vyungu vya mboga, na ukimwamkia vizuri atakupa kigoda.